Rangi ya Hospitali

Inspekta Oliva Mligo alifika Makambako saa tatu asubuhi akitaka kitu kimoja tu: muhuri. Jalada la Mzee Methusela Kaduma lilikuwa limekamilika. Lilikuwa na maelezo ya shahidi, mchoro wa eneo la tukio, jembe lililotiwa kwenye mfuko wa vielelezo, na barua ya kampuni ya Mwangaza Nyanda iliyosema kwamba mkongo wa mawasiliano ulikatwa Mdandu Jumatano iliyopita, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Barua ilikuwa na sahihi ya fundi Remmy Sanga, ila haikuwa na muhuri, na mwendesha mashtaka alikuwa ameirudisha. Kesho asubuhi mzee angepandishwa kizimbani kwa kuhujumu uchumi, kosa lisilo na dhamana. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

"Muhuri dakika mbili, chai dakika kumi," alisema Koplo Nahumu akiegesha gari. Koplo huyu alikuwa na miaka ishirini na sita kazini na hakuogopa mkubwa yeyote, ila baridi. "Upepo wa hapa bila chai ni adhabu."

Oliva akateremka na jalada kwapani. Tangu Jumapili hakuwa na hamu ya chai wala ya maneno.

Jumapili ndiyo siku aliyomkamata mzee. Alimkuta nje ya kanisa la Kilutheri Mdandu, baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka. Mzee Methusela ni mzee wa kanisa na ndiye mnadishaji wao. Alikuwa ameinua kuku juu, anataja bei, watu wanacheka. Oliva alimfunga pingu palepale. Kuku alianguka akakimbilia miguuni mwa wanakwaya. Mzee hakubisha. Alisema tu, "Subirini nimkamate kuku wa watu," na Oliva hakusubiri.

Wakati ule alijiona yuko sahihi. Jumatano ile hospitali ya Njombe ilikosa mawasiliano kwa karibu saa tatu, na picha ya kichwa cha mgonjwa mmoja, mchuma chai aitwaye Zita, haikumfikia daktari bingwa. Walimkimbiza Mbeya kwa gari. Yuko hai, lakini mkono wake wa kulia haujainuka mpaka leo, na mji mzima ulikuwa unauliza polisi wanafanya nini. Mzee Methusela alishawahi kusema kwenye mkutano wa kijiji kwamba waya ule umempitia shambani bila hodi na siku moja atautia jembe. Jirani yake, Severini, alimwona Jumatano asubuhi akifunua chemba ya mkongo, lile shimo lenye mfuniko wa zege. Nani angehitaji zaidi ya hapo?

Mlangoni mwa kituo cha mitambo alisimama Remmy mwenyewe, kijana mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Ndani akatokea mkuu wa kituo, mama wa makamo aliyevaa sweta alilofuma kwa mkono wake.

"Mimi ni Paskalina. Karibu, afande. Remmy, mpe mgeni kizibao cha kijani."

Remmy alitazama vizibao viwili vilivyoning'inia ukutani, akasita kidogo, akampa kimoja.

"Hicho cha rangi ya chungwa ni cha mafundi!" Paskalina akacheka. "Umeshamwajiri afande?"

Remmy naye akacheka, akasema mawazo yako mbali, akaondoka. Oliva akakivaa kilekile cha chungwa, maana hakupanga kukaa.

Ofisini, Paskalina aliisoma barua. Akaisoma tena, safari hii akifuata mistari kwa kidole.

"Muhuri upo, afande. Lakini barua hii siwezi kuigonga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli. Mkongo ungekatwa Mdandu, Njombe nzima ingekosa mawasiliano. Ilikosa?"

Oliva akapekua jalada. Hilo hakuwa ameliuliza.

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu," akasema.

Paskalina akampeleka chumba cha mitambo, kilichokuwa na baridi kuliko nje. Akamwonyesha uzi mmoja wa kioo unaoingia ukutani, mwembamba kuliko uzi wa kushonea.

"Huu ndio unaokwenda Njombe. Ndani yake zinaweza kupita rangi ishirini za mwanga kwa wakati mmoja. Vitabuni wanasema mawimbi, kila moja na urefu wake. Sisi humu tunasema rangi. Nane zina wenyewe: hospitali ina yake, mahakama ina yake, benki, halmashauri, kampuni za simu. Kumi na mbili bado hazina mteja. Kisanduku hiki kinazichanganya ziingie kwenye uzi, na kule Njombe kisanduku kingine kinazitenganisha, kila mmoja anapewa ya kwake."

"Haziparaganyiki njiani?"

"Wewe unaimba kwaya?"

"Naimba. Sauti ya pili."

"Basi umenielewa. Mnaimba sauti nne kwenye hewa moja, na mwalimu anasikia sauti ya pili imekosea, anaisimamisha peke yake. Sasa mtu akifunga mlango wa kanisa na madirisha, aliye nje anasikia sauti ipi?"

"Hakuna."

"Kukata uzi ni kufunga mlango. Zote zinapotea." Paskalina akabonyeza mashine, karatasi ikatoka. "Hii ni kumbukumbu ya mashine yenyewe. Jumatano, saa nne na dakika kumi na nne: rangi ya kwanza, hospitali, imepotea. Saa saba kasoro dakika tano imerudi. Nyingine saba hazikutikisika hata sekunde moja. Aliyeinyamazisha hospitali hakuwa Mdandu, afande. Alikuwa humu."

Oliva aliishika karatasi kwa mikono miwili. Mstari wa pili ulisomeka: mahakama, Njombe hadi Mbeya, hakuna hitilafu.

Akafungua shajara yake ya kazi. Hakuwa na haja, alikumbuka vizuri, lakini alitaka kuona kwa macho. Jumatano, saa nne kamili hadi saa sita kasoro: ushahidi kwa njia ya video, kesi ya wizi wa mbolea. Alikuwa ameketi Njombe mbele ya skrini, hakimu yuko Mbeya anamwuliza maswali, na picha haikukwama hata mara moja. Dakika ileile ambayo Mzee Methusela alidaiwa kuukata uzi, Oliva mwenyewe alikuwa anaongea ndani yake. Ushahidi wa kumwachia mzee ulikuwa kwenye mkoba wake siku zote tatu.

"Shahidi wangu," akasema polepole, "aliona mwanga wa rangi ukitoka kwenye waya. Nyekundu na bluu."

Paskalina akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Oliva kuliko dharau. "Mwanga huu macho ya binadamu hayauoni. Tunaita rangi kwa mazoea tu. Uzi ukikatika, ukichungulia unaona giza."

Oliva akageuka kando. Aliikumbuka Jumamosi, nyumbani kwa Severini, kalamu mkononi. Siku moja kabla, Remmy alimweleza habari za rangi, naye akajiona ameshakuwa mtaalamu. Severini alikuwa amesema tu kwamba mzee alifunua shimo akainama. Ni Oliva aliyeuliza, "Uliona mwanga wa rangi rangi ukitoka kwenye waya?" Severini akamtazama, akatazama sare, akasema ndiyo. "Nyekundu?" Ndiyo. "Na bluu?" Na bluu, afande. Maneno yote yale yalikuwa ya Oliva. Severini aliitikia tu, na mzee wa watu akalala sakafuni kwa maneno hayo. Oliva aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto kwenye baridi ile.

"Jumatano alikuwa zamu nani?"

"Remmy, peke yake. Mimi nilikuwa msibani kwetu Ludewa, nimerudi jana. Makao makuu walikuwa wameagiza nyaya zote zisizotumika zichomolewe, kumi na mbili. Kazi ya nusu saa."

"Nyaya zenyewe ziko wapi?"

Zilikuwa nyuma ya kisanduku, za njano zote, nene kama kamba ya kiatu. Katika shingo ya kila moja palifungwa kipande cha uzi wa sufi, na kila mlango wa kisanduku ulikuwa na doa la rangi ya kucha linalofanana na uzi wake.

"Vibandiko vya karatasi vilibanduka vyote kwa baridi," alieleza Paskalina, na sasa sauti yake nayo ilianza kupungua. "Mimi nafuma masweta. Nikachukua mabaki ya nyuzi. Hospitali nikaifunga kijani, rangi ya jirani yake isiyotumika nikaifunga kahawia. Na kwenye daftari nikaandika hivyo hivyo, kwa rangi. Tulikuwa tunasifiwa kwa ubunifu."

Oliva akajitazama kifuani. Kizibao cha rangi ya chungwa kilikuwa bado mwilini.

"Mama Paskalina," akasema, "niazime kikapu chako cha nyuzi. Na uniitie Remmy, halafu ututafutie chai wewe na koplo. Msirudi upesi."

Alimhoji Remmy mlango ukiwa umefungwa. Jumapili ilikuwa imemfundisha walau hilo.

"Barua hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, afande."

"Ulikwenda Mdandu ukakuta mkongo umekatwa?"

"Ndiyo. Nikaunganisha."

"Wakati unauunganisha, mahakama walikuwa wanaongea kupitia wapi?"

Remmy akatazama barua mezani. 

"Kwa nini uliandika Mdandu?"

"Tulipita pale mwezi wa kumi na mbili kukagua. Yule mzee alitufokea." Akaisukuma barua kando. "Nilidhani itaandikwa tu kwenye ripoti, basi. Sikujua mtu atakamatwa."

"Amekamatwa Jumapili. Leo ni Jumanne."

"Nilisikia jana."

Oliva akavuta kikapu. Alimimina mabunda ya nyuzi mezani, saba au manane, akayatandaza.

"Nipe la kijani."

Remmy alinyoosha mkono, akaurudisha. Akaunyoosha tena, ukaelea juu ya bunda moja, ukahamia jingine. Kisha akauweka mapajani pamoja na mwenzake, akainamisha kichwa. 

"Tangu nikiwa mdogo, afande. Nyekundu, kijani, kahawia, chungwa, kwangu ni kitu kimoja. Kanisa kule kwetu Ipelele walinichangia ada ya chuo, wamama wameuza viazi kwa ajili yangu. Chuoni wakasema fundi wa nyuzi hizi lazima aone rangi. Siku ya kupimwa macho rafiki yangu aliingia kwa jina langu." Akafuta uso kwa kiganja. "Kazini najipangia kwa namba. Mahali pa rangi nasema mwenzangu afanye. Jumatano hapakuwa na mwenzangu."

"Ulichomoa wa hospitali badala ya ule wa kahawia."

"Nilichomoa kumi na mbili nilizoagizwa. Mashine ikalia. Ndani ya dakika moja nilijua kwamba kati ya zile kumi na mbili, mmoja ni wa hospitali. Upi, sijui. Mlango wake upi, sijui. Nyaya kumi na mbili, milango kumi na mbili, na kila ukichomeka mashine inataka dakika nzima kukubali au kukataa. Nikaanza mmoja mmoja. Saa saba kasoro ndipo ikakubali."

"Una simu. Kwa nini hukumpigia Paskalina?"

Remmy alimtazama kwa mara ya kwanza, macho mekundu.

"Ningemwuliza nini, afande? Angeniambia, 'Rudisha wa kijani.'"

Oliva akaanza kuyarudisha mabunda kikapuni. Alimjua sana kijana huyu, ingawa walikuwa hawajaonana hata mara tatu. Hata yeye, Jumapili, angeweza kumwuliza mzee jambo moja kabla ya pingu, ila kuuliza kungeonyesha kwamba hajui.

"Yule mgonjwa, Zita, hawezi kuuinua mkono wake wa kulia," akasema. "Unalijua hilo?"

"Najua. Nilikwenda Mbeya Jumamosi nikasimama nje ya wodi. Sikuingia."

"Utaandika yote, kwa mkono wako. Halafu utafuatana na askari wa hapa mpaka kituoni. Kosa la kuchomoa ni la kazi yako na waajiri wako. La barua ni kati yangu na wewe."

Remmy akavuta karatasi. Aliandika kurasa tatu bila kufuta kitu.

Kwenye gari, Nahumu alisubiri mpaka wakaiacha Makambako nyuma.

"Kwa hiyo mzee anatoka leo."

"Mkuu ataniuliza swali moja: kama hakukata, mle shimoni alikuwa anafanya nini? Sina jibu. Pita Mdandu."

Chemba ilikuwa pembeni mwa shamba la viazi, hatua chache kutoka kwenye kichaka cha mianzi. Mara ya kwanza Oliva aliichora tu mfuniko wake kwenye mchoro, akapima urefu kwa futi, akaondoka. Leo Nahumu aliutia mtaimbo, ukafunuka. Mkongo ulikuwa umeviringishwa chini, mzima, na juu ya kiungo chake buibui alikuwa ametanda utando wenye vumbi la miezi. Hakuna mkono uliougusa Jumatano, wala mwezi uliopita. Pembeni, kwenye ubaridi, yalisimama madumu mawili ya lita tano. Kila moja lilizibwa kwa gunzi la hindi lililofungwa kipande cha kitenge cha zambarau.

Nahumu akachomoa gunzi moja, akanusa, akatia kidole mdomoni. Uso wake mzima ukafunguka.

"Ulanzi, pombe ya mianzi! Na bado ni mtogwa, mtamu kabisa. Shimo limeuzuia kuchacha. Afande, hii kampuni imewajengea watu friji bila kujua."

Kisha akaacha kucheka.

"Mzee wa kanisa," akasema. "Kwao kule mzee wa kanisa akishikwa na ulanzi anavuliwa uzee na kutengwa. Ndiyo maana hakufungua mdomo. Bora jela."

"Yarudishe kama yalivyokuwa," alisema Oliva.

Mzee Methusela aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amekunja koti lake vizuri mkononi, kama mtu aliyekuja kutembelea.

"Kamwene, baba," alisema Oliva.

"Kamwene, mwanangu."

"Nimetoka kwenye chemba."

Mzee akakaa. Mikono yake mikubwa, iliyopasuka kwa udongo, ililikaza koti mapajani.

"Umeyaona."

"Nimeyaona. Ungeniambia Jumapili, ungelala kwako."

"Kuna mambo hayasemwi, mwanangu."

"Ulikuwa mtogwa au mkangafu, ule uliochacha?" Oliva aliuliza kwa utani, akitaka kumpunguzia.

"Sijui. Ladha yake siijui. Sijawahi kuonja."

Mbena wa miaka sabini, mwenye kichaka cha mianzi, na ladha ya ulanzi haijui! Oliva alikaribia kutabasamu. Aliona mzee anajitetea kwa uongo mdogo, akamsamehe kimoyomoyo, akaendelea na kazi. Hapo alikosea mara ya pili, maana mzee yule tangu akamatwe hakuwa amesema uongo hata mmoja.

"Baba, wewe hukukata kitu. Aliyefanya tumempata. Mimi ndiye niliyemwekea Severini maneno mdomoni, na ndiye niliyekufunga pingu mbele ya watu. Nimekosa. Naomba unisamehe."

"Na ya shimoni?"

"Hayahusu polisi. Sitaandika."

"Apa."

Oliva akaapa. Mzee akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote vitatu, akatoka bila kugeuka nyuma. Hakusema kama amesamehe.

Kumwachia mtu ni rahisi; kumrudishia jina lake ndiko kugumu. Kufikia Ijumaa Nahumu alikuwa ameleta habari za Mdandu. Wanasema mzee ameachiwa kwa kujuana. Wanasema kama hakukata, mbona hasemi alichofuata shimoni? Mzee hajaonekana barazani, sokoni wala kwa jirani. Mnada wa Jumapili umepangiwa mtu mwingine.

Jumapili Oliva hakwenda misa kwao. Alivaa sare kamili, akaenda Mdandu, akasimama nje ya kanisa la watu mpaka ibada ikaisha. Mzee Methusela alitoka wa mwisho na hakusimama na wazee wenzake. Alikwenda kukaa ukingoni mwa ngazi, karibu na magunia ya mahindi. Mchungaji alimpa Oliva nafasi kabla ya mnada.

"Jumapili iliyopita nilimkamata baba huyu hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Hakuwa na kosa. Mkongo haukukatwa, wala haujawahi kukatwa. Mimi sikuuliza nilichopaswa kuuliza, nikatengeneza ushahidi kwa haraka yangu. Nilimwaibisha mbele yenu, kwa hiyo nasema mbele yenu: aibu ile ni yangu."

Severini, jirani, akasimama nyuma ya wanakwaya. Hakuwa na ubaya. Alitaka tu kujua, kama watu wote walivyotaka.

"Sawa, afande. Lakini mle shimoni alikuwa anafuata nini?"

"Hilo halihusu polisi."

Minong'ono ikaanza, ya chini, ikapanda. Oliva aliona mabega ya mzee yakishuka. Akatambua kwamba kwa jibu lile amemfungua pingu na kumwachia fundo. Wataulizana hili mpaka wamzike. Kiapo kilimziba mdomo.

"Ulanzi," ikasema sauti ya mwanamke.

Watu waligeuka. Alikuwa Esteria, mke wa mzee, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, amejishikiza kwa fimbo, amevaa kitenge cha zambarau cha umoja. Oliva alikitazama kitenge kile. Alikiona Jumanne kwenye magunzi, na hakukiulizia.

"Mama Edward, kaa chini," alisema mzee akiinuka haraka.

"Sikai. Ni ulanzi, na ni wangu." Esteria aliisimika fimbo chini. "Magoti yalianza kuuma, nikaonja kama dawa. Sasa ni mwaka wa tatu. Hapa nasimama nawakataza mabinti zenu, nikirudi nyumbani nakunywa. Miguu hainifikishi shambani, kwa hiyo yeye huniletea, asubuhi na jioni, na yeye mwenyewe tangu abatizwe hajalamba hata tone. Mlipomfunga nilikuwa nimesimama palepale kwenye kwaya. Kuku alipita miguuni kwangu. Nikanyamaza. Yeye amelala sakafuni siku mbili, mimi kitandani kwangu, na bado nikanyamaza. Nimeona haya kwa ulanzi, sikuona haya kwa mume wangu."

 Mchungaji alikuwa anatazama viatu vyake. Mwinjilisti, mzee mfupi mwenye miwani, alikuwa ameketi kwenye meza ndogo na daftari la usharika, lile wanaloandikwa waliotengwa wanapoomba kurudi kundini.

Esteria akamwendea, hatua kwa hatua. "Mwinjilisti, niandike."

"Tuandike wawili," alisema Mzee Methusela, ambaye alikuwa ameshamfikia na kumshika kiwiko. "Mimi ndiye niliyekuwa naubeba."

Kalamu ikaanza kwenda. Severini akavua kofia yake, akaipindapinda, kisha akasogea nyuma ya mzee. "Na mimi," akasema. "Sikuona mwanga wowote. Niliogopa sare."

Oliva alikuwa Mkatoliki. Pale hapakuwa na kundi lake la kurudi, wala hakuna kanuni ya polisi inayotaja daftari la mwinjilisti. Alisimama kidogo peke yake katikati ya uwanja, watu wote wakimwona. Kisha akavua kofia ya kazi, akaenda kusimama nyuma ya Severini.

Mwinjilisti alimaliza wale watatu, akafungua ukurasa mpya.

"Jina na kosa," akasema, bila kuinua macho.